Nguo za Kulia Juu ya Mto

Nilifundisha ushonaji kwa wasichana wa Butembo kwa miaka mingi, na swali waliloniuliza kuliko yote halikuhusu mfuko wala namna ya kukata shingo. Waliniuliza: mtu avae nini mahali ambapo hajawahi kufika? Huwa najibu kwamba si jambo gumu. Uliza kama kuna baridi, uliza utapanda nini na utashuka nini, kisha uliza ni nani atakayekuangalia. Ukishapata majibu hayo, kitambaa chenyewe kitakuambia yanayobaki.

Mimi mwenyewe nimewahi kumvisha mtu kwa ajili ya chakula cha jioni ndani ya boti, kwenye mto mkubwa, wakati nilikuwa sijaona boti wala mto mkubwa. Nitaeleza nilivyofanya, maana huenda siku moja na wewe ukaalikwa.

Mdogo wangu alisoma Kisangani kabla nchi haijakatwa vipande, na huko alipata mchumba. Kisha vita vikaja. Upande wetu ukawa wa watu fulani, upande wa mchumba ukawa wa watu wengine, na kati yao kukawa na pori lenye bunduki. Walingojeana. Salamu zao zilibebwa na wafanyabiashara waliovuka mpaka Kasindi, zikazunguka Uganda, zikarudi kwetu zimechakaa kama noti za zamani. Mwaka ule redio iliposema vita vimekwisha, tuliisikia vizuri, kwa sababu siku hiyo risasi zilikuwa chache. Ndege zikaanza tena kwenda Kisangani. Mchumba akaja na wajomba zake, wakajitambulisha kama inavyotakiwa, wakanywa chai, wakasifu baridi yetu.

Baba akawasikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Ni muzuri. Mais mi hapana toa mutoto mahali macho yangu hayajafika."

Wakaenda. Baada ya wiki chache jibu likaja: baba mkwe anamwalika mwenzake wa mlimani ale naye chakula cha jioni ndani ya boti yake, juu ya mto, na hapo atayaona yote. Mwishoni mchumba alikuwa ameongeza kwa upole, "Muvae muzuri kidogo."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyoleta kazi. Ili uyaelewe, lazima nikueleze Baba.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa jumla: chumvi, sabuni, mabati. Alikuwa na malori na nyumba za kupangisha, lakini kama ungekutana naye barabarani ungempa sadaka. Usimcheke. Kwetu Butembo watu wa umri wake walikuwa hivyo wote. Mtu mwenye duka tupu alivaa vizuri ili akopeshwe, na mtu mwenye duka lililojaa alivaa kabuti la zamani ili asiombwe. Vita vilipokuja, desturi hiyo ikageuka kuwa hekima. Askari wa kizuizini hakuangalia uso wa mtu, aliangalia viatu. Mwenye viatu vizuri alivitoa, kisha akaulizwa nyumba yake iko wapi. Baba alipita vizuizi vya majeshi yote, moja baada ya jingine, na hakuna lililowahi kumuuliza nyumba yake iko wapi. Waliona kabuti lile, ambalo zamani lilikuwa la kahawia, wakadhani hana.

Kwa hiyo mwaliko ulipofika, Baba alitangaza kwamba ataenda na kabuti.

Mama alicheka hadi akashika mlango. "Sasa utakula na batu bazima ukiwa sawa gunia ya makala ya jiko?"

"Gunia ya makala," Baba akasema, "kuko askari anaisalimia?"

"Kwenye boti hakuna askari. Kuko bakwe zako."

"Batu ba ku mutoni banavaa mali yabo," Baba akasema. "Siku moja mvua inanyesha, mali yote inalowana."

Hilo ndilo alilohofia, na hakulificha. Aliamini mtu anayevaa vizuri hafanyi kazi, na baba wa mtu wa namna hiyo hakumfundisha mwanawe kufanya kazi. Hangempeleka binti yake huko akale nguo nzuri na mapazia.

Mdogo wangu alinifuata jikoni. Alikuwa amefika umri ambao majirani wakikusalimia wanaongeza sala. "Yaya," akaniambia, maana mimi ndiye dada mkubwa, "bale batu beko na heshima zabo. Papa akifika kule vile, batasema ametukana nyumba. Papa akirudi na hasira, njo imekwisha. Mi nitazeekea hapa, nikiuzisha chumvi na yeye."

"Nitamvisha," nikamwambia.

"Utamuvisha je?"

"Kama mtu mwingine yeyote. Ana mikono miwili."

Nilipompima, alisimama kama mtu anayepimiwa kiwanja chake na serikali. Mama alinunua kitambaa cha kijivu kwa mmoja wa wale wanaoleta mizigo kutoka Dubai, na Baba alipouliza bei, alitajiwa bei ya bitana peke yake.

Nilifikiria mto kwa siku nyingi kabla ya kukata. Kwa boti, chagua rangi isiyoogopa lami, kwa sababu mbao za boti hupakwa lami. Pindo la suruali lipandishe kidogo juu ya kiatu, maana sakafu inaweza kuwa na maji. Mifuko yote iwe na vifungo: kinachoanguka nchi kavu kinaokotwa, kinachoanguka mtoni kimehama. Mwanamke asivae mikono mipana, isije ikaingia kwenye mchuzi au ikashikwa na upepo, na kiatu kiwe bapa, kwa kuwa atapita juu ya ubao. Mdogo wangu nilimshonea gauni la kikwembe cha bluu, lenye nafasi ya kupiga hatua ndefu. Mimi nilichukua sare yangu ya akina mama wa kanisa, ambayo imekwishaonekana mahali pote na haimshangazi mtu. Haya yote niliyapata kwa kuwaza tu, na yote yalikuwa sahihi, isipokuwa upepo.

Jambo jingine ni shati. Suti ya Baba niliishonea shati jipya jeupe, na hapa lazima nieleze mashati yake ya zamani.

Shati huanza kuzeeka kwenye kola. Mtu mwingine akiona kola imekwisha hununua shati. Baba alinunua uzi. Aliniambia nitoe kitambaa kwenye mgongo wa shati lenyewe, nitengeneze kola mpya, halafu mgongo niuzibe na chochote. "Mugongo ya shimizi, nani anaiona?" aliuliza, na kwa mtu asiyevua kabuti, jibu lilikuwa wazi. Kola ikaisha tena, nikakata tena. Vikaja vikofi, miisho ya mikono. Vikaja vifuko. Mwishowe hata cha kuzibia hakikupatikana. Shati moja la bluu hafifu ndilo lililofika mbali kuliko mengine: kwa mbele lilikuwa shati la kuendea kanisani, lina kola imara na vifungo vyote, na kwa nyuma lilikuwa kamba mbili. Ndani ya kabuti lilikuwa shati. Nje ya kabuti lilikuwa aproni. Nililiweka kwenye mfuko wa safari ili Baba alitumie kulalia.

Tukaondoka tukiwa watatu: Baba, mdogo wangu na mimi. Mama alibaki na funguo. Miaka ile familia nzima haikusafiri pamoja.

Wala hatukubeba nguo nzuri kwenye sanduku. Sanduku hufunguliwa. Nguo nzuri huvaliwa chini na nguo mbaya huvaliwa juu, na mtu anasafiri akiwa mnene. Baba alivaa suti yake mpya, akaifunika kwa kabuti, akalifunga hadi shingoni. Kabla ya kuingia Beni tulisimamishwa kizuizini, na kijana mwenye bunduki akamzunguka mara moja.

"Wee muzee. Mu kabuti iko nini?"

"Iko mimi," Baba akasema.

"Fungua."

Baba akaanza kukohoa. Alikohoa kutoka mbali, kama lori linalopanda mlima na mzigo.

"Iko na kifua?" askari akauliza, akirudi nyuma.

"Tangu vita ya kwanza," Baba akasema, na akafungua kifungo kimoja.

"Acha, acha! Funga! Nendeni!"

Ndivyo suti ilivyofika Beni salama.

Beni tulilala kwa shangazi yetu. Ndege ya Kisangani ilikuwa inakuja kesho. Iliendelea kuwa inakuja kesho kwa siku kadhaa. Siku moja nilimtazama Baba akitembea uani na suti yake, mikono imesimama mbali na mwili, kama mtu aliyevaa mlango, nikaona kwamba mvaaji hajaizoea nguo. Hili huwatokea wengi na dawa yake ni rahisi: vaa, toka, tembea kati ya watu. Nikamshauri afike hadi sokoni na kurudi. Beni hakuna aliyemjua sana, basi akakubali. Alichukua kabuti mkononi, kwa usalama.

Alirudi mchana akiwa amelivaa, limefungwa hadi shingoni, na chini ya kabuti zilionekana pindo za suruali ya mitumba iliyokuwa fupi kwake. Uso wake ulikuwa na furaha tuliyoizoea kuiona mwisho wa mwezi.

"Nilisha uzisha," akasema.

"Umeuzisha nini, Papa?" mdogo wangu akauliza.

"Kostime."

Mdogo wangu akakaa chini, mahali palipokuwa na bata wa shangazi. Bata akasogea.

"Mutu mumoja alinisimamisha," Baba akaeleza. "Anaenda Kinshasa, kushika kazi ya leta, ya serikali. Akaniuliza bei. Donc nikamuambia."

"Papa! Mutu akikuuliza bei, unamuambia hapana uzisha!"

Baba alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua kuhesabu. "Lakini alisha niuliza bei," akasema. "Na akatoa mara mbili."

Lazima niseme ukweli: sikuweza kumkasirikia kama nilivyopaswa. Mwaka ule kila mtu aliyetoka porini na bunduki alihitaji suti. Serikali mpya ilikuwa na viti vingi, na kiti cha serikali hakikaliwi na gwanda peke yake. Suti ya kijivu, mpya, yenye vifungo kwenye mifuko, katikati ya soko la Beni, ilikuwa bidhaa, na Baba hakuwahi kupishana na mnunuzi tangu nimjue. Mnunuzi alichukua na shati jeupe. Viatu hakuvitaka, kwa sababu Baba alikuwa amekataa kubadili viatu. Tai pia aliirudisha. Alisema yeye tai anazo tayari, na hakueleza amezitoa wapi.

"Tutanunua nyingine," nikamwambia mdogo wangu. "Soko lipo. Nipe saa moja na sindano."

Hapo hapo shemeji wa shangazi akaingia na pikipiki hadi uani. "Ndege imekuja! Inarudi sasa hivi, haizimi injini!"

Kwa hiyo Baba alikwenda Kisangani na suruali ile fupi ya mitumba, tai mpya, kabuti, na shati la bluu hafifu.

Mtu wa Butembo hajui joto. Anadhani joto ni jua. Kisangani ilikuwa jioni, jua limeshashuka, na hewa bado ilikuwa imekaa juu ya mabega yetu kama mzigo wa mtu mwingine. Mchumba alitupokea na kutupeleka mtoni. Na pale, juu ya ubao wa kupandia, alisimama baba yake.

Alikuwa amevaa suti nyeupe. Viatu vyake ungeweza kujitazama ndani ukachana nywele. Alifungua mikono yote miwili na kusema, "Bokilo! Bokilo yangu wa mulima! Karibu ku safari!" Bokilo ndivyo wanavyomwita mkwe kule.

Baba aliviangalia vile viatu. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, akitabasamu kana kwamba anasifu mto, "Huyu hana kitu."

Boti ilikuwa ndefu na imepakwa rangi upya. Juu kulikuwa na meza yenye kitambaa, taa, viti, na mapazia mazuri sana. Nilipoligusa pazia moja kwa mkono wa kazi, niliona limetundikwa mahali ambapo risasi zilipita, na jirani yake vilevile. Tukakaa. Wajomba waliokuja Butembo walikuwepo, na mama wa mchumba alikuwa upande wa nyuma na vyungu vyake. Harufu ya samaki wa kwenye majani ya ndizi ilikuwa nzuri mno. Tukangoja boti iondoke.

"Tunatoka saa ngapi?" Baba akauliza.

"Tulisha toka, bokilo."

Baba akatazama ukingo. Ulikuwa palepale.

"Angalia maji," mwenyeji akasema bila haya yoyote. "Inatembea. Kama ni yeye anatembea ao ni sisi, macho itajua je? Motere banajeshi balichukua. Kisha jeshi ya pili ikakuja kuichukua, ikakuta hapana, ikanipiga. Ya tatu ilinihurumia, ikachukua tu kamba." Akacheka, na wajomba wakacheka, kicheko cha watu waliokwishakisema kitu mara nyingi hadi kikalainika. "Sasa bokilo, toa kabuti. Uko kwako."

"Aksanti," Baba akasema. "Niko sawa."

"Toa tu. Iko moto."

"Mi ni mutu wa baridi."

Mwenyeji akavuta kiti chake karibu. Akapiga hadithi nyingine, kisha akarudi palepale: toa kabuti, bokilo. Baba akashukuru tena. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nyusi na kuingia kwenye tai. Mama wa mchumba alikuja na kifuniko cha chungu, akampepea, akarudi, na hakuleta chakula.

Mchumba akainama sikioni kwangu. "Yaya, kwetu mugeni mwenye anabaki na kabuti, anasema yeye ni mupita njia. Anapumuzika tu, anaendelea. Mama hawezi weka sahani mbele ya mupita njia. Baba yangu anaona Papa yenu amekataa."

Mdogo wangu alikuwa ameyasikia. Alianza kukunja ukingo wa kitambaa cha meza, mkunjo juu ya mkunjo, namna ninavyofundisha kupima marinda, na hakuinua macho. Mimi ndiye niliyelikata lile shati. Nilijua kilichokuwa chini ya kabuti. Baba akilivua, wataona mgongo wa mkwe wao, mtupu, wenye kamba mbili. Asipolivua, tumemaliza safari.

Baba yeye hakuwa anafikiria nguo. Alikuwa anatazama sehemu ya chini ya boti, ambako kwenye kivuli kulionekana magunia.

"Ile ni nini?" akauliza.

"Chumvi," mwenyeji akasema. "Ya batu. Banaweka humu, banalipa kila mwezi."

"Banalipa? Boti haitembei."

"Chumvi pia haitembei."

Baba akasogeza kiti. "Na leta? Kodi?"

"Balikuja ba kodi ya depo. Nikabaambia hii hapana depo, ni boti. Bakakuja ba kodi ya boti. Nikabaambia, boti gani? Tafuteni motere."

Namjua Baba. Nilikuwa nimewahi kumwona na uso ule mara chache tu, mara moja mbele ya lori la magurudumu kumi. Mtu aliyenyang'anywa injini na kuonewa na majeshi matatu, akaendelea kupata kodi kwa chombo kilichofungwa kwenye nguzo, halafu akavaa nyeupe! Alimtazama mwenyeji wake kuanzia viatuni hadi juu, upya, kama mtu anayesoma hesabu aliyokuwa ameipita haraka.

Kisha akaniambia kwa Kinande, polepole, akiwa bado anatabasamu, "Hawa ni watu. Nataka kuvua. Nitafutie ukuta."

Hapa ndipo ushonaji husaidia. Mtu akiwa na kasoro nyuma, usimfunike, mgeuze. Nikasimama, nikasema kwamba baba yetu hupenda kukaa akiegemea, nikabeba kiti chake mwenyewe na kukibana kwenye ukuta wa chumba cha nahodha, mbao kwa mbao. Baba akakaa. Akafungua vifungo kimoja kimoja. Akaliacha kabuti lishuke lenyewe kati ya mgongo na ukuta, akalikalia. Na mbele ya meza akatokea mzee aliyevaa tai ya kijivu juu ya kola ambayo, nasema bila aibu, niliishona vizuri.

"Eeeh!" mwenyeji akapiga kelele. "Kumbe ndani iko monsieur! Mama, leta samaki!"

Tulikula. Samaki alikuwa amepikwa ndani ya majani na pilipili, na kulikuwa na ndizi za kutwanga ambazo kule wanaziita lituma. Mbu walikuwa wengi, na Baba peke yake hakuweza kujipiga mgongoni. Alikuwa akisugua ukuta kidogo, mara kwa mara, huku akiuliza bei ya chumvi. Mdogo wangu aliyafungua yale marinda ya kitambaa moja baada ya jingine.

Baada ya kula mwenyeji akasimama na glasi ya limonadi. Wajomba wakasimama. Mchumba akasimama, mama yake akaja akasimama pembeni. Wote wakamtazama Baba, kwa sababu ilikuwa zamu yake kusimama na kusema neno.

Baba hakusimama.

Alinitazama mimi. Nami nilitazama mto, ambao ni mpana sana na una mambo mengi ya kutazamwa. Glasi zilibaki hewani. Mjomba mmoja akakohoa.

"Mi niko na mutoto mumoja ambaye amengoja," Baba akasema, akiwa amekaa, mgongo umeshikamana na mbao. "Nimeona nyumba. Haitembei. Njo nyumba muzuri, nyumba yenye haitembei. Mukuje Butembo."

Walikuwa bado wanangoja asimame. Mwenyeji alimwangalia Baba kwa muda mrefu, na niliona wazo likimjia kama mtu anayepanda ngazi.

"Mukae!" ghafla akawaambia watu wake. "Mukae bote! Hamuone? Ku mulima mutu akitoa mutoto, anatoa akikaa. Kitu kizito, nani anakitoa akisimama?"

Wakakaa wote. Viti havikutosha, na wajomba wawili walikaa juu ya magunia ya chumvi. Mwenyeji aliijibu hotuba ya Baba akiwa amekaa, kwa heshima kubwa, suti nyeupe imejikunja magotini, na akanena mazuri kuliko ambavyo angenena akisimama. Baba aliinamisha kichwa kila baada ya sentensi, bila kusogeza mabega. Tulipoaga, alisema usiku umepoa, ingawa haukuwa umepoa, akalivaa kabuti akiwa palepale kitini na mimi nikilivuta kutoka chini, na kwa kuwa sasa alikuwa kweli mpita njia, hakuna aliyeona vibaya.

Harusi ilifanyika Butembo msimu uliofuata, katika ukumbi wa kanisa letu. Watu wa mtoni walikuja na suti nyeupe na wakatetemeka kutoka asubuhi. Mama aliwagawia masweta ya nyumba nzima, wakayavaa chini ili nyeupe ibaki juu. Baba alivaa suti nyeusi ambayo Mama aliiweka chini ya mto wa kulalia hadi asubuhi ya siku ile, na hakuruhusiwa kukaribia soko. Shati lilikuwa na mgongo.

Zamu ya hotuba ilipofika, baba mkwe wa mtoni akaitwa mbele. Akaenda, akaomba kiti. Akaletewa. Akakaa mbele ya watu wote, akaweka mikono magotini, akaanza kusema. Nyuma yake wajomba nao wakakaa.

Watu wetu wakanong'ona. Kwetu mtu husema akisimama, hata mgonjwa hushikiliwa asimame. "Kumbe batu ba mutoni," mama mmoja wa kanisa akasema nyuma yangu, "banasema bakikaa sawa bafalme?"

Mama akanigeukia. "Hii ni nini?"

"Desturi ya mtoni," nikamwambia. "Kitu kizito hakitolewi mtu akiwa amesimama."

"Aa," Mama akasema, akapeleka neno kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, hadi ukumbi mzima ukawa umeelewa na umetulia.

Kisha mchungaji akamwita Baba. Akainuka katika suti yake nyeusi, akatembea hadi mbele, akageuka kutazama watu. Alikuwa na kila sababu ya kusimama. Alimwona mkwe wake kitini, akimngoja kwa heshima. Aliwaona wajomba. Aliona mistari yote ya watu wetu, ambao sasa walikuwa wamekaa wima kabisa, wakionyesha wageni kwamba na sisi tunajua adabu. Mdogo wangu alikuwa katikati na gauni lake, pembeni ya mume wake, kwa sababu bibi harusi alikuwa ameambiwa asimame.

Baba akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Nimekaa," akasema. "Basi mumuchukue."

Na mdogo wangu, ambaye pamoja na mume wake ndio peke yao waliokuwa wamesimama ndani ya ukumbi ule, akawa wa kwanza kupiga makofi.